Namba ya Ubavuni mwa Tairi

Mimi ni dereva wa gari la zahanati hapa Ujiji. Niliponunua matairi mapya, niliona mengine yameandikwa 121 ubavuni, mengine 109. Nikadhani ndio mwendo wa mwisho, nikachukua 109, kisha nikamwambia muuguzi wetu, Mama Zuhura, kwamba mimi sipendi mbio.

Juzi tulipakia vitanda vya chuma kwenda Ilagala, na njiani tukamchukua mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Tairi la nyuma likapasuka. Dereva mwingine alisimama akakubali kumpeleka, na nashukuru alijifungua salama. Ila kabla ya kuondoka, dereva yule aliinama akaisoma ile namba.

"Kaka, hii ni ya uzito, si mwendo. Nani alikuchagulia haya?"

Mama Zuhura alinitazama, akangoja nijibu mwenyewe.