Liwa ya Mbuzi

Juzi, gatini Antsahampano, bwana mifugo mgeni kutoka milimani alimzuia mbuzi wa mama mmoja asipande boti ya kwenda kisiwa cha Nosy Be.

"Macho yamezungukwa na ukoko wa manjano," alisema, akirudi nyuma. "Ugonjwa unaoambukiza."

"Ni liwa, bwana daktari. Nimempaka asiungue na jua. Leo binti yangu anaolewa, na wakwe wanangoja nyama!"

"Hapandi!"

Mama akafunua ushungi. Uso wake ulikuwa wa manjano vilevile. Wanawake wote tulioshika foleni tukamgeukia yule bwana, nasi tumepaka liwa.

Mbuzi tulivuka naye. Bwana mifugo alibaki gatini akinawa mikono. Naiomba serikali yetu mpya, ikituma mtaalamu pwani, kwanza imwoneshe nyuso za wanawake wa huku.