Mikono Nyuma ya Mgongo

Muuguzi mkuu wa zahanati ile husimamia wanafunzi huku amefumbata mikono nyuma ya mgongo, kama mtu aliyefungwa kamba. Zamani mwanagenzi alisimama kando ya mkubwa wake mpaka miguu ikamjaa, akajifunza kwa kutazama. Siku hizi chuo na zahanati hutiliana saini, watu hupigwa picha, na muhula ukianza, basi la chuo humwaga watoto wa watu mlangoni, waanze kupima na kutibu wenyewe. Yeye huwapokea kwa mguno. Mwanafunzi akienda kombo, husafisha koo. Akizidi kukosea, husafisha tena kwa nguvu. Mikono haitoki nyuma.

Juzi aliyejikunja kitandani kwa maumivu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

“Dada, nishike wewe! Huyu binti atanimaliza.”

“Acha kelele. Umekuwa hivyo tangu utotoni. Nikikushika mimi, yeye atajifunza lini?”

Binti, mwanafunzi wa zamu, akabonyeza tumbo polepole. Alipofika chini upande wa kulia, mgonjwa akapiga yowe. Binti akageuka, akangoja koo lisafishwe. Halikusafishwa.

“Nadhani ni kidole tumbo, mama. Apelekwe hospitali sasa hivi.”

“Sasa unanitazama mimi? Piga simu!”

Gari lilipoondoka na mgonjwa, muuguzi mkuu alibaki mlangoni, mikono bado nyuma.

“Njoo, mwanangu,” alisema kwa sauti ndogo. “Vidole vimekataa kuachana.”

Binti akavifungua kimoja kimoja.