Ile Siku Violon ya Riziki Ilikataa Kulia

Wakati yetu sisi, ukitaka gitare unaenda kwanza kutafuta bidon. Bidon ya mafuta ya litre tano, yenye imetoboka, mama hana tena kazi nayo. Unakata tundu na kisu, unapigilia ubao ya shingo, kisha unaanza kuwaza kamba. Na kamba, benzangu bale tulikomaa pamoja, munajua ilikuwa inatoka wapi: kwa frein ya velo ya papa. Unachomoa kable, unaifungua polepole, inakupatia nyuzi nyembamba nyingi, unachagua zenye zinalia muzuri. Siku moja papa yangu alishuka na baiskeli yake kale kamulima ya kwetu bila kujua frein haiko tena, akasimamia ndani ya shamba ya mihogo ya jirani. Mama akaangalia papa mule ndani ya mihogo, akaangalia na gitare yetu, akasema: «Muzuri. Akikufa, mutapiga hiyo kitu kwa matanga yake.»

Mi sijazeeka, musinitafutie mvi. Lakini nikiona hawa batoto ya leo hapa Baraka, najisikia kama nilizaliwa mbele ziwa haijakuwa. Mutoto anafungua telefone, anagusa kioo na kidole moja, gitare inalia, ngoma inalia, mpaka tarumbeta. Kidole moja! Kisha anasema amechoka. Sisi kamba ilikuwa inakata bidole, unalamba damu, unarudilia wimbo fasi ulifikia.

Orchestre yetu ilikuwa na bantu tano na bidon tatu. Tulikuwa tunapigia nyuma ya école primaire, karibu na fasi bamama banaanikia ndagala, bale samaki badogo ya ziwa, na ile harufu ya ndagala kwa jua ya saa nane njo ilikuwa parfum yetu. Tukisikia njaa, tunaiba tatu nne, tunachoma, tunakula na muhogo. Mi sikukuwa najua kupiga kitu hata moja. Nikakuwa atalaku, ule mwenye anapiga makelele juu ya wimbo na kuita bantu majina ya kuchekesha. Mudomo yangu ilikuwa inaenda mbio kupita akili. Hata mwalimu alinikalisha karibu ya dirisha, asema kelele itokee pale, isipitie kwa benzangu.

Mwenye alikuwa anajua kupiga ni Riziki, mutoto wa jirani, tulikuwa umri moja. Yeye anasikia wimbo kwa radio wakati anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sombe ikiiva, wimbo nayo imeiva, iko kwa bidole yake. Bale bakubwa ya darasa ya sita balikuwa banamucheka: «Mwanamuke na gitare!» Yeye bila kuinua kichwa: «Mwanaume na velo bila frein!» Banakimbia.

Tulipokuwa darasa ya tano, Maître Wilondja alirudi kutoka Bukavu kufundisha kwaya ya paruasi. Alishuka kwa bato na kasanduku keusi, karefu, anakashika na mikono mbili. Mama moja pale kwa bandari akaanza kulia, alifikiri ni maiti ya mutoto. Bantu bakavua kofia. Maître alipofungua sanduku, akatosha kitu kama gitare yenye haikula muzuri utotoni. Akaiweka chini ya kidevu, akatosha fimbo yenye nyoya, akavuta.

Mi nakuambia, Baraka ilinyamaza. Hata bale bamama ya samaki.

Tulibishana siku nzima juu ya zile nyoya. Maître alisema ni mukia ya farasi, lakini sisi farasi tuliona kwa kitabu tu. Tukakatisha kwamba ni ng'ombe ya Minembwe, Maître anajisifu bure. Riziki yeye hakubishana. Alienda kusimama mbele ya Maître, akasema: «Maître, na mimi.» Ni hiyo tu. Na Maître akamupatia.

Mwaka moja nzima, kila mangaribi kisha école, Riziki alikuwa anajifunza ndani ya salle ya paruasi. Mi nakaa kwa benchi namungojea, najifanya nachoka, kumbe roho inatulia. Maître alikuwa anafundisha mambo mbili: asubui kwa misa anapiga nyimbo za zamani za bazungu, kisha misa anapiga rumba juu ya ile violon moja. Asema mupiga kamba wa kweli anakula kwa sahani mbili. Riziki alishika sahani yote mbili.

Kisha kukafika habari. Padiri mugeni wa Bukavu, mwenye alikuwa na shule ya muziki, atapita kwetu kutafuta mutoto moja. Moja tu. Atalala kule, atasoma kule, atakuwa mupiga kamba, kazi ya maisha yake. Muntu yote alijua ni Riziki. Mama yake alishaanza kumushonea nguo mbili za safari.

Lakini juma mbili mbele ya padiri kufika, Maître alishikwa na malaria ya nguvu, hata kuamuka hapana. Akaachia Riziki violon. Na kila siku ile sauti ilikuwa inapunguka. Inakuwa nyembamba, inapiga miluzi kama muntu mwenye mafua. Riziki akaniambia, macho imejaa machozi: «Mwenzangu, inakauka. Sijui nimeifanya nini, inakauka.»

Inakauka. Mi nilishika ile neno.

Kwetu, kila siku ya posho, kesho yake misa, mama alikuwa anatupanga kama mihogo, anatupaka mafuta ya mawese kwa miguu na kwa nywele. Asema: «Hautaenda kwa Mungu na nywele kama nyasi ya kiangazi!» Hapa Baraka na Fizi yote, kitu ikikauka unaipaka mawese. Ngozi, nywele, mulango yenye inalia, mupini ya jembe. Na ile fimbo, si ni nywele? Ya ng'ombe ama ya farasi, ni nywele.

Ile siku ya mungu padiri alifika, Riziki akaenda kunawa na kuvaa, akaniachia sanduku nichunge. Nikakimbia kwetu, nikachovya kitambaa ndani ya mawese. Nikapaka zile nyoya polepole, toka juu mpaka chini, kama mama. Nikapangusa yenye imezidi. Ikang'aa, ikakuwa na rangi ya dhahabu. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Riziki akarudi, akaangalia. «Mbona inang'aa?»

«Nimepangusa vumbi,» nikamujibu. Nilitaka muujiza imushangaze mbele ya bantu.

Salle ilijaa. Padiri alikaa mbele na kadaftari kake. Yeye alikuwa muntu wa harmonium, ile kinanda ya kanisa, violon alikuwa anaijua kwa macho tu. Riziki akainama kidogo, akaweka violon chini ya kidevu, akavuta.

Hakukutoka kitu.

Akavuta tena. Ssss, kama kufagia. Akafinya nguvu, ile fimbo ikateleza ikapiga shavu yake. Padiri akasema kwa upole: «Usiogope, binti yangu.» Akavuta mara ya tatu, ya ine. Etabo, mutoto mumoja wa Swima mwenye alikuja na gitare yake ya bidon kujaribu bahati, akasimama akamunyooshea ile gitare, asema: «Shika yangu.» Riziki akatikisa kichwa. Yeye alikuwa amesema violon, ilikuwa violon.

Salle ikanyamaza, na mi sikuwezaka kubeba kimya. Mudomo yangu ikafunguka yenyewe, na sauti ya atalaku:

«Violon ya Bubu!»

Bantu bakacheka, mpaka ukuta ikatetemeka. Riziki akaweka violon ndani ya sanduku, akafunga kufuli ya kwanza, akafunga ya pili, akatoka. Padiri akangojea kidogo, akasikiliza Etabo na bidon yake, akaandika jina yake.

Munajua mi niliwaza nini ile siku? Niliwaza nilipaka mafuta kidogo sana. Ningeongeza. Haki ya Mungu, miaka yote hiyo niliamini vile. Maître balimupeleka hospitali ya Uvira, na violon yake, na hakurudi tena kukaa kwetu. Labda siku moja alifungua sanduku akasikia harufu ya mawese, akasema hawa bantu ya Baraka walitaka kuipika. Na sisi tukabakia na maneno moja tu: Riziki aliogopa. Mukono yake ilikataa. Bubu. Hakushika tena hata bidon.

Mi masomo iliishia ya sita, sasa niko na moto, pikipiki, nabeba bantu na bintu yao. Kiangazi hii yenye imepita, nilikuwa kwa bandari nangojea kiliya wa kubeba, nikaona muntu anashuka na kasanduku keusi. Etabo! Alikuja kwa ndoa ya dada yake. Njiani akaniambia maisha yake kwa masikio: siku ya mungu anapiga kwa misa, katikati ya juma anafundisha batoto, siku ya posho ni ndoa, na baimbaji banamwita kwa studio kutia violon ndani ya rumba yao. Sahani mbili, kama Maître alivyosema. «Lakini mi padiri alinichukua juu ya kukosa mwingine,» akasema. «Ile sikio ya Riziki, mi sijaipata mpaka leo.»

Tulipofika kwa dada yake, akafungua sanduku ajaribu kamba. Akatosha kajiwe ka rangi ya asali, akaanza kusugua ile fimbo.

«Iko nini hiyo?»

«Kolofane. Ni utomvu ya muti, imekauka. Bila hii nyoya haishike kamba, hakuna sauti. Nawaza Maître alikuwa anapaka kwake nyumbani, njo maana hamukuiona.»

Nikauliza: «Na muntu akipaka mafuta?»

Akacheka. «Mafuta? Ameua fimbo. Itateleza tu.» Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. «Wee... nani alipaka mafuta?»

Nikawasha moto. Nikamuambia kuna kiliya ananingojea. Hakukukuwa na kiliya.

Riziki anashona nguo kwa baraza moja pale sokoni. Siku tatu nilipita mbele yake, napiga honi, ananipungia mukono, naendelea. Siku ya ine nikasimamisha moto. Nikamuambia yote, kitambaa, mawese, vumbi yenye nilimudanganya, kolofane ya Etabo. Mara ya kwanza ndani ya maisha yangu niliongea bila kutia hata kichekesho moja.

Mashini yake ilisimama.

«Kwa hiyo haikukuwa mukono yangu?»

«Haikukuwa mukono yako.»

«Mutoto yangu aliniomba aingie kwa bapiga gitare ya kwaya,» akasema. «Nilimukatalia. Nilimuambia kwa jamaa yetu hatuna mukono ya muziki.» Akapangusa uzi kwa meza. «Etabo iko bado?»

«Alipanda bato leo asubui.»

Aliniangalia, na mi nikaangalia viatu yangu. Alikuwa siku tatu hapa, mwendo ya dakika tano, na mi napiga honi.

Leo mutoto akikosa kujua kitu, anauliza telefone, inamujibu mbele hajamaliza kuuliza. Hata akitaka kupaka mafuta kwa fimbo ya violon, itamuambia: acha, mujinga wewe. Na mi nabacheka hawa batoto na kidole yao moja, lakini siku hizi nabaonea wivu. Sisi hatukukuwa na wa kuuliza. Tulikuwa na bidon, na kamba ya frein, na mapendo mingi ya kijinga. Ile mafuta nilipaka kwa mapendo, ningeweza kuisimamia mbele ya Mungu. Lakini ile neno nilisema kisha, hiyo hakuna kitabu ilipashwa kunifundisha. Ningenyamaza tu. Kunyamaza ilikuwa bure, hata wakati yetu.

Riziki aliweka mukono ya kushoto kwa kando ya meza. Bidole ine zikafinya ubao, moja kisha ingine, kisha ya kwanza tena, fasi yenye hakuna kamba. Niliijua ile wimbo. Niliisikia mwaka muzima pale kwa benchi.

Mama moja akaingia na kitenge yake.

«Mama Bubu, nguo yangu iko tayari?»

Ule mama hajui jina ilitoka wapi. Soko yote haijui.

Bidole ikasimama. «Karibu, mama,» Riziki akasema, akavuta mashini. «Bado mukono moja tu.»