Gurudumu Nene la Mama Bisibisi

Wanafunzi walimwita Mama Bisibisi kwa sababu bisibisi yake ilikaa kwenye nywele, pale walimu wenzake walipochomeka kalamu. Miaka ishirini na miwili ya kufundisha fizikia ilikuwa imemwachia magoti yanayolia kama bawaba, na kona moja ya stoo ya viti vibovu. Katika kona hiyo, mwaka huu, wanafunzi wanne walikuwa wameunda roboti.

Mkuu wa shule aliwawekea sharti. "Mkirudi na kombe, viti vitoke. Mkirudi na cheti cha ushiriki, mtoke nyinyi."

Basi Jumamosi, siku ambayo wenye akili zao hufua nguo, Mama Bisibisi alikuwa ameketi kando ya uwanja wa mashindano, kiatu kimoja amekivua. Timu ngeni, zinazoshindana kwa mara ya kwanza, zilikuwa kumi na moja, kombe lao moja. Kila timu ilipewa raundi mbili za kuokota mipira na kuitia kapuni.

Raundi ya kwanza, roboti yao ilitoka kwa madaha, ikapinda kulia, ikaenda kumsalimu mpiga picha kwenye kifundo cha mguu.

"Mwalimu, imelogwa!" alisema Nahodha wa timu, binti wa fundi cherehani.

"Haijalogwa. Imezoea kwetu."

Stoo ile zamani ilikuwa chumba cha kufulia, na sakafu yake imeinama kushoto, kuelekea tundu la maji. Miezi mitatu roboti ilikuwa ikiteleza kushoto, nao wakaliviringishia gurudumu la kushoto mpira wa baiskeli, likanenepa, roboti ikanyooka. Hapa ukumbini sakafu ilikuwa bapa kama sinia.

"Mbona hatukufikiria?"

"Aliyezoea kuchechemea hajui kama anachechemea. Bandua huo mpira."

Nahodha akavuta. Wapi! "Nilimwaga gundi chupa nzima. Si ulisema isibanduke milele?"

"Mwaka mzima hunisikii, siku hiyo ndiyo ukanisikia!"

Wakaparura kwa bisibisi na kwa kucha, huku timu ya jirani, yenye fulana zinazofanana mpaka kwa dereva wao, ikiwatazama kama watu wanaochuna panya. Jaji akasimama mbele yao. "Mnafanya nini hapo?"

"Shikamoo. Tunaisahaulisha roboti sakafu ya kwetu," Nahodha akajibu, akaeleza yote, tundu la maji na gundi. Jaji akaandika, akageuza karatasi, akaandika tena.

Raundi ya pili roboti ilinyooka kama mtu anayekwenda kudai chake. Mipira yote mitano ikaingia. Kombe la timu ngeni likaja kwao, na jaji akatangaza kwamba hakuna timu nyingine iliyolijua kosa lake kwa jina.

Mama Bisibisi akampigia Mkuu simu.

"Hongera sana, mama! Ahadi ni deni. Viti vitoke!"

"Nani atavitoa, Mkuu?"

"Nani tena? Wewe na mabingwa wako! Jumatatu, kabla ya kengele. Ni mia moja na arobaini tu."

Mkuu akakata simu. Mama Bisibisi akajaribu kuvaa kiatu, mguu umevimba, ukakataa.

"Beba kombe," akamwambia Nahodha, akiinuka kwa awamu. "Mimi nitabeba kiatu."