Menyu ya Baba Mkwe

Joyline Mokeira alikuwa amechoka, na msidhani ni uchovu wa kazi. Kazi aliipenda. Kilichomchosha ni kufungiwa mle ndani ya saiba, duka la kompyuta na mtandao la baba mkwe wake, Mzee Omwenga, pale sokoni Nyaramba, na kompyuta kuukuu zilizowekewa mfumo wa Linux kwa sababu ule wa kawaida ulikuwa umezilemea. Mteja akibonyeza kitufe cha menyu pale chini pembeni, anapotelea humo, kisha anamwita kwa kelele: "Mama Brandon! Pa kuandikia ni wapi?" Siku nzima ni yeye tu. Hata chai inapoa.

Sasa ofisi moja ya uchapishaji mjini Kisii ilikuwa imempigia simu: njoo Jumatatu uanze. Joyline aliruka kwa furaha, halafu akakaa chini. Ruhusa angeiombaje? Kwa Abagusii, watu wa kwao, mke wa mwana hasimami mbele ya baba mkwe akabishana naye. Hata mkono hampi. Akamtuma mama mkwe, Kemuma. Jibu likarudi: "Hatoki mtu hapo mpaka mashine nizijue mwenyewe." Kwa Joyline hiyo ilikuwa ruhusa tosha.

Haya, niambieni, utamfundishaje mzee ambaye huwezi hata kuketi kando yake? Walijaribu asubuhi moja, Joyline akiwa mlangoni anaelekeza, Kemuma ndani anarudia. Kemuma akachanganya kulia na kushoto, mzee akafoka, wote wakanuna.

Ndipo Joyline akaona afadhali menyu yenyewe ifundishe. Akaingia mahali pa kuihariri, akawa anaondoa tiki za programu moja baada ya nyingine. Programu inabaki kwenye mashine, ila kwenye menyu huioni tena. Makundi yale ya Vifaa, Michoro, sijui Mfumo, yote akayaficha. Zilizobaki akazipa majina ya watu kuelewa: Andika Barua. Ingia Mtandaoni. Piga Hesabu. "Mungu nisaidie," akajisemea, "huyu mzee lazima aweze."

Na kweli akaweza! Alibonyeza, akasoma, akafungua, akamwandikia mteja barua ya kwenda kwa chifu mwanzo hadi mwisho, bila kuita mtu. Joyline, aliyekuwa akichungulia kutoka nje, alijiziba mdomo asipige kigelegele. Jioni hiyo akaanza kukunja nguo zake na za mwanawe Brandon, tayari kwa safari ya Kisii.

Sabato, ibada ilipokwisha, Mzee Omwenga akasimama mbele ya kanisa.

"Ndugu zangu, mke wa mwanangu ana kichwa! Menyu aliyonitengenezea, hata mimi mchuma chai naifungua. Basi Nyaramba nitakaa mimi. Yeye nimemkodia chumba kule Gesima, Jumatatu anafungua saiba ya pili."

Watu wakageuka kumtazama, wakitabasamu. Jumatatu hiyohiyo ndiyo Joyline aliyokuwa akingojwa Kisii. Akamtazama Kemuma; Kemuma akainama akawa anaangalia viatu vyake. Jamani, mbele ya umati ule, kwa baba mkwe, aseme nini, na kwa mdomo upi?

Mchungaji akainua mikono. Akaiombea saiba ya Gesima baraka, akamwombea na Joyline nguvu za kuitumikia miaka mingi.

"Amina," kanisa likaitikia, na Joyline naye akasema amina.