Mguu wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani ana mke fundi magari, kwa hiyo klachi ya gari lao hubadilishwa uani, kwa jeki. Safari hii mke alishusha giaboksi, akatoa sahani ya klachi iliyolika hadi chuma, akamwonyesha mumewe.

"Baba watoto, umeiua tena. Unaendesha mguu ukiwa juu ya pedeli muda wote, kama unashona."

"Mguu huu ndio uliojenga nyumba," mume alisema, amenuna.

Mke alifunga sahani mpya, wakatoka kuijaribu. Mume akashika usukani, mke akamshika goti la kushoto, na kila baada ya kubadili gia akauvuta mguu kando ya pedeli.

Jirani aliyekuwa akianika nguo aliwaona wakipita, akamgeukia mumewe.

"Umeona wenzako wanavyopendana?"