Tulimeza dawa ya malaria juu ya Mlima Kenya, mimi na shemeji yangu wa Ntimaru

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni msomaji wa kimya kwa miaka mingi, leo nimeamua kuandika. Haya yalinipata mwenyewe, na shemeji yangu naye ni member humu, kwa hivyo nikitia chumvi atanirudi hapo chini kwa comments.

Mimi ni mtu wa Rangwe, Homa Bay. Nina duka la spare za pikipiki. Dada yangu Akinyi aliolewa Ntimaru, kule Kuria karibu na mpaka wa Tanzania, na bwana yake anaitwa Chacha.

Chacha ni mkulima wa mahindi na ni pande la mtu. Gunia zima analitupa begani kama wewe unavyotupa koti.

Safari yenyewe ilianza kwa ubishi. Tulikuwa kwa sherehe ya jamaa yetu pale Asumbi, Chacha akaanza kutangaza kwamba watu wa ziwa hatuna mapafu. Eti Ntimaru iko juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo wao wamezoea. Sisi tumejaa samaki tu.

Nikamwambia basi twende Mlima Kenya tuone nani ana mapafu. Watu wakapiga makofi, na hapo hakuna mwanaume anarudi nyuma.

Mazoezi tulifanya. Chacha alikuja Homa Bay wikendi tatu, tukapanda kilima cha Asego asubuhi, tukashuka tukala samaki. Tukajiona tuko tayari kabisa.

Sasa sikizeni hapa. Akinyi alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba ya kwanza, baada ya miaka sita ya kungoja na maneno ya watu. Siku ya kuondoka aliniita kando akaniambia, "Umemchukua mzima, nirudishie mzima."

Nikacheka. Nikamwambia huyo ng'ombe dume wako ataumia wapi.

Guide wetu alikuwa mama mmoja mwembamba anaitwa Muthoni. Alituambia kupanda si kazi, kazi ni mwili kuzoea hewa ya juu, na kwa hivyo tungekaa siku moja ya ziada kwa camp ya kwanza.

Sisi tukakataa. Tulimwambia hiyo siku ni ya wazungu.

Alibishana sana, mwishowe akakubali kwa sharti moja: mtu akisikia kichwa kinauma, amwambie mara moja. Tukaahidi wote wawili, tena kwa sauti.

Wakuu, tulikuwa waongo.

Siku ya pili tulifika camp iliyo juu ya mita elfu nne. Mchana huo kichwa changu kilianza kubana kama nati inayokazwa na spana kubwa. Tumbo likakataa chakula. Nilikuwa nikikunja blanketi tu, nahema kama nimekimbia.

Nikafanya nini? Nikafungua begi nikameza dawa ya malaria.

Msinicheke. Wewe uliyekulia Nairobi hutaelewa. Huku kwetu kichwa kikiuma, baridi ikikushika na chakula kikikataa, hakuna mjadala, hiyo ni malaria. Nimelelewa kwa nyumba ambayo hata ukichelewa kuamka unaangaliwa macho kama ni malaria. Pakiti ya dawa husafiri nami popote niendapo, na haikunijia akilini kwamba kule juu kuna kitu kingine kinachoweza kumuumiza mtu.

Na sikumwambia Chacha. Ningempa hadithi ya kusimulia Ntimaru mpaka nizeeke. Halafu kwetu shemeji ni mtu wa heshima, hamwanikiani udhaifu ovyo. Yeye naye kwao mwanaume hufunzwa tangu ujana kuvumilia maumivu bila kukunja uso. Kwa hivyo tulikaa pale kwa meza moja, kila mtu anajifanya mzima.

Ila aliacha chakula. Chacha kuacha chakula, hapo ningepaswa kushtuka.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya camp akisukutua mdomo baada ya kutapika. Alisema ni chai ilikuwa mbaya. Tukarudi ndani kuvaa viatu, nikamwona anajaribu kuvaa kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilicheka.

Akainua macho akaniuliza kama lori la mahindi limefika.

Kicheko kiliniisha hapo hapo. Niliogopa, sitaki kuficha. Nilimwona Akinyi na lile tumbo lake.

Na bado, wakuu, na bado nilitoa dawa ya malaria nikampa! Sikumwita Muthoni aliyekuwa jikoni, hatua kumi tu. Badala yake nilipanda jiwe moja ambalo porters walisema lina network, nikampigia mama yangu Rangwe. Mama amelea watoto saba ukanda wa ziwa, na malaria anaijua kuliko anavyonijua mimi.

Nikamweleza: kichwa, kutapika, baridi, na sasa anasema maneno yasiyoeleweka. Nilingoja aniambie nimpe maji mengi na uji.

Yeye akauliza kitu kimoja. "Dende liet?" Yaani mwili wake una joto?

Nilikuwa sijamgusa. Nikashuka, nikamwekea mkono shingoni na kwa paji la uso. Baridi kama samaki aliyetoka kwa barafu. Nikarudi kwa jiwe nikamwambia mama.

Akasema, "Wuoda, mwanangu, malaria kali namna hiyo bila joto mimi siijui. Hiyo si yetu. Uliza wenye mlima."

Nilikimbia jikoni. Muthoni hakuniuliza maswali mengi. Aliweka mawe mawili chini, akamwambia Chacha atembee kutoka moja hadi lingine, kisigino kiguse vidole, kama mtu anayepima shamba kwa nyayo. Hatua ya kwanza aliyumba. Ya pili alianguka kando, na mdomoni hakuwa ameonja pombe.

Muthoni akasema tunashuka, na tunashuka sasa hivi.

Chacha akakataa. Akakaa kwa benchi, mikono kifuani, akasema yeye anaenda juu, hawezi kurudi Ntimaru akiwa ameshindwa. Kumvuta mtu wa kilo zile huwezi. Porters wakanitazama mimi.

Nikapiga magoti mbele yake. "Chacha, kichwa kinanipasua tangu jana. Nimekuwa nikimeza dawa kwa siri. Niliogopa utanicheka."

Akaishusha mikono kutoka kifuani. Kisha akasema polepole, "Hata mimi." Akasimama.

Tulishuka porter mmoja akimshika huku na mimi nikimshika kule. Saa za kwanza alikuwa mzito, anauliza swali moja mara nne. Lakini kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyorudi. Tulipofika penye vichaka virefu alianza kulalamika kwamba nimemshika vibaya. Pale camp ya kwanza akauliza nani amebeba begi lake na kama amelifunga vizuri. Nilikuwa sijawahi kufurahia malalamiko ya mtu kiasi hicho.

Siku hiyo hiyo tulifikishwa hospitali iliyo chini ya mlima. Kipimo cha malaria: sote wawili, hakuna. Daktari alisema ni ugonjwa wa mwinuko, kwamba tulipanda haraka kuliko miili ilivyoweza kuzoea hewa yenye oksijeni kidogo, na ubongo wa Chacha ulikuwa umeanza kuvimba. Nguvu za mtu hazisaidii hapo, anayejikaza ndiye huumia zaidi. Akasema tungelala juu usiku mmoja zaidi, yeye asingekuwa na la kutuambia.

Njiani kurudi tulikubaliana: tutasema mvua ilitufukuza.

Nyumbani Rangwe watu walikuwa wamejaa. Mama, ami zangu wawili, Akinyi. Ami mkubwa akauliza habari za kileleni. Mimi nikaanza na ile mvua yangu, nikaipamba vizuri, na radi nikaweka.

Chacha akaweka kikombe chini. Akasimama mbele ya mama mkwe na ami za mke wake, watu ambao mwanaume hapendi kuwaonyesha hata jasho.

"Hakukuwa na mvua," akasema. "Mimi nilishindwa kutembea hatua mbili. Huyu alinishika mkono akaniteremsha."

Akinyi alilia, akacheka, akamwambia aketi ale.

Nilichojifunza, wakuu: mwili wa mtu wa chini ukienda juu unahitaji siku za kuzoea, na hizo siku si za wazungu. Kichwa kikiuma huko, sema. Ukiona mwenzako anachanganyikiwa au anayumba, mshushe kwanza, mengine mtaongea mkiwa chini. Na dawa ya malaria ngojea kipimo.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Wako hapa kwangu wiki hii. Ninapoandika, Chacha amejilaza kwa kiti na mtoto kifuani, wamelala wote wawili, na Akinyi amenikataza kuwasha redio.

Haya, nani mwingine humu mlima umewahi kumfunza adabu? Na watu wa ziwa, semeni ukweli, nani kati yenu asingemeza ile dawa?